Bunduki ya Berthier na Wale Waipambao

Miongoni mwa silaha ambazo majeshi ya Ulaya yaliziacha baada ya vita vikuu viwili vya karne ya 20, hapana iliyodharauliwa kuliko bunduki ya Kifaransa iitwayo Berthier. Bunduki ya Kijerumani husifiwa kwa uimara, ya Kiingereza kwa wepesi wa komeo lake, ya Kirusi kwa kustahimili tope na barafu. Ya Kifaransa huchekwa. Katika maduka ya silaha za kale huko Marekani uko mzaha wa miaka mingi usemao kwamba bunduki ya Kifaransa inauzwa kama mpya: haikupata kufyatuliwa kamwe, na iliangushwa chini mara moja tu. Atoaye mzaha huo hukusudia mwaka 1940, Ufaransa iliposhindwa kwa muda wa majuma sita. Hakumbuki ya kuwa nchi hiyo hiyo ilizika watu zaidi ya 1,300,000 katika vita vya 1914 hata 1918, wala kwamba mapigano ya Verdun yalianza Februari 1916 yasiishe ila Desemba ya mwaka huo. Mzaha haukati mti wala hautoboi chuma. Lakini kitu kinachochekwa huuzwa kwa bei ya chini, na cha bei ya chini mwenyewe haoni uchungu kukiharibu.

Uharibifu wenyewe hufuata njia moja. Bunduki ya mwaka 1916 au 1917 hununuliwa, hubanwa katika jiriwa, na mti wake wa mbele hukatwa ili ifanane na bunduki ya kuwindia. Kasiba, ambayo ndiyo iliyoifanya silaha hiyo ifikie urefu wa sentimita 130, hupunguzwa kwa msumeno. Chuma kilicho juu ya chumba cha risasi hutobolewa kwa keekee matundu mawili au matatu, yatiwe skrubu za kushikia darubini. Kitako husuguliwa kwa msasa mpaka kovu la mwisho litoke, kisha hupakwa vanishi king'ae kama kabati la sebuleni. Au hutupwa kabisa, na mahali pake huwekwa kitako cha plastiki nyeusi. Mkanda wa nailoni hufuata, na mto wa mpira nyuma, na pengine miguu miwili ya kuisimamishia mbele. Wenyewe huiita kazi hii kupamba, au kuiendeleza bunduki. Ikiwa kupamba ni kukiongezea kitu uzuri bila ya kukipunguzia nafsi yake, basi hapa hapana pambo lolote. Hapa pana maandishi yaliyofutwa.

Na maandishi hayo ni mengi kuliko adhaniavyo mtu asiyepata kuishika bunduki ya namna hii. Ubavuni mwa kitako, upande wa kulia, pana chapa ya duara iliyogongwa katika mti kiwandani. Ndani yake mna alama ya kiwanda cha serikali, kama Saint-Étienne, Châtellerault au Tulle, pamoja na mwezi na mwaka. Juu ya kasiba pana alama ya kiwanda na mwaka wa chuma hicho. Namba ya bunduki hurudiwa katika viungo mbalimbali, hata ajuaye kusoma aweza kutambua kama kasiba, komeo na mti vilizaliwa pamoja, au vilikutanishwa baadaye na fundi wa jeshi kutoka katika mabaki ya bunduki mbili tatu. Baadhi zina herufi N. Herufi hiyo moja ina habari ndefu nyuma yake. Katika miaka ya 1930 Ufaransa ilitoa risasi mpya ya milimita 8, nzito kuliko ile iliyoitangulia, ikaitwa ya mfano wa 1932 N. Bunduki za zamani zikarudishwa karakana, chumba cha risasi kikapanuliwa kidogo kiweze kuipokea, kisha zikagongwa N. Basi bunduki ya 1916 yenye herufi hiyo haikulala ghalani baada ya amani ya 1918. Iliitwa tena kazini.

Halafu pana viraka. Mafundi wa karakana za Kifaransa walikuwa na desturi ya kuchonga kipande cha mti na kukipachika mahali palipovunjika, kikakaa sawasawa kama jino katika ufizi, badala ya kukitupa kitako kizima. Kiraka kama hicho humweleza mwanafunzi wa historia hali ya mali ya taifa katika miaka ya vita, na pengine humweleza vizuri kuliko hotuba ya waziri. Msasa hauna macho ya kuona haya. Mwenye mkono ulioshika msasa anayo.

Kuna atakayeuliza kwa nini kufutwa kwa Berthier kuwe hasara kubwa kuliko kufutwa kwa bunduki nyingine. Jawabu limo katika nasaba yake. Berthier aliyeibuni hakuwa jemadari wala fundi wa kiwanda cha silaha. Alikuwa mtumishi wa reli ya Bône-Guelma nchini Algeria. Wakati huo jeshi la Ufaransa lilikuwa likijivunia Lebel ya mwaka 1886, bunduki ya kwanza ya jeshi duniani iliyotengenezwa kwa ajili ya baruti isiyotoa moshi. Walakini Lebel ilikuwa na ila: risasi zake nane zilipangwa kwa mlolongo katika bomba lililo chini ya kasiba, na mpiganaji alizitia moja moja kama ajazaye mtungi kwa kata. Berthier alileta kisanduku chini ya komeo, na kibanio chembamba cha chuma kilichoshika risasi tatu, zikaingia zote kwa mara moja. Jeshi likaikubali mwaka 1890 kwa wapanda farasi, waliohitaji bunduki fupi. Askari wa miguu wa Ufaransa wakaachwa na Lebel yao.

Kisha likafuata jambo ambalo vitabu vya wakusanyaji hulitaja kwa mstari mmoja na kulipita. Berthier ya kwanza ya askari wa miguu haikutengenezwa kwa ajili ya Mfaransa. Ilitengenezwa mwaka 1902 kwa askari wa Indochina, ikafupishwa ilingane na vimo vyao kama wakubwa wao walivyovipima. Na mwaka 1907 ikatolewa nyingine, ndefu kamili, kwa askari wa Afrika Magharibi walioitwa wote "Wasenegali," ijapokuwa wengi wao walikuwa Wabambara, Wamossi na watu wa nchi nyingine za ndani ambao Senegal kwao ilikuwa bandari ya kupandia meli. Vita vilipozuka mwaka 1914, Lebel hazikutosha. Ndipo Ufaransa ilipoitazama bunduki ya Waafrika, ikaunyoosha mkono wa komeo lake, ikaifanyia nafasi ya singe ya Lebel, ikaiita ya 1907-15, na kuitengeneza kwa mamia ya maelfu kwa ajili ya vijana wake yenyewe. Sehemu yake ilitengenezwa hata Marekani, katika kiwanda cha Remington. Mwaka 1916 kisanduku kikakuzwa, kikachukua risasi tano badala ya tatu, kikatiwa na kifuniko chini ili tope la mahandaki lisipande ndani.

Msomaji na autazame mwendo huo kwa utulivu. Silaha iliyobuniwa na mtu wa reli wa Afrika Kaskazini, iliyotolewa kwanza kwa watu wa Asia na wa Afrika kwa sababu ilidhaniwa kuwa inawatosha wao, ndiyo iliyokwenda mikononi mwa mkulima wa Brittany katika mahandaki ya nchi yake mwenyewe. Ufaransa ilizoea kusema kwamba nchi mama hutoa na makoloni hupokea. Bunduki hii ni ushahidi wa kinyume cha hayo, nao ushahidi wenyewe una uzito wa karibu kilo nne na waweza kushikwa mkononi. Ndio huo unaokatwa kwa msumeno mwishoni mwa juma, katika chumba cha kuwekea gari, na mtu anayedhani anaokoa chuma chakavu.

Na walioibeba? Charles Mangin, afisa wa jeshi la makoloni, alichapisha mwaka 1910 kitabu alichokiita La Force noire, akidai ya kuwa Afrika Magharibi ni hodhi la askari ambalo Ufaransa yaweza kuchota humo. Ilichota. Katika vita vya kwanza watu wapatao 200,000 wa Afrika Magharibi waliandikishwa, na karibu 30,000 hawakurudi. Mwaka 1918 Blaise Diagne, mbunge Mwafrika wa Senegal, alitumwa kuandikisha wengine, akapata zaidi ya 60,000. Hata upande huu wa bara una fungu lake: bataliani ya Wasomali, ambayo watu wake waliandikishwa katika koloni la Kifaransa la Djibouti, iliundwa mwaka 1916 na kushiriki katika kutwaliwa tena kwa ngome ya Douaumont, tarehe 24 Oktoba mwaka huo huo. Katika makundi haya yote waliojiandikia habari zao ni wachache mno. Kitabu cha Bakary Diallo, Force-Bonté, kilitoka mwaka 1926, na atafutaye ndugu zake kitabu hicho katika rafu za maktaba atatafuta kwa taabu. Kwa watu ambao aghalabu hawakuweka shajara wala barua zao hazikuhifadhiwa, vyombo walivyovishika ni sehemu ya maktaba yao.

Biashara ya bunduki zilizostaafu si jambo geni, wala haikuanzia Marekani. Lugha ya pwani yenyewe ni daftari la biashara ya namna hiyo: mrao uliowashwa kwa utambi, gumegume lililowashwa kwa jiwe, bunduki ya fataki, gobori, na nyingi za hizo zilizokuja katika karne ya 19 zilikuwa silaha ambazo Ulaya ilikwisha kuzichoka. Wanafunzi wa fasihi humjua Arthur Rimbaud kwa mashairi aliyoyaandika ujanani akayaacha. Mtu huyo huyo alitoka Tadjoura mwaka 1886 na msafara wa bunduki za fataki zipatazo 2,000, akafika Shoa mwaka 1887 na kumwuzia Menelik. Gras ya mwaka 1874, ilipoondolewa jeshini na Lebel, ilipita kwa wingi katika pwani ya Djibouti ikaingia Ethiopia, hata Kiamhari kikapata neno wujigra, lililotokana na matamshi ya fusil Gras. Na mwaka 1896 zilikuwako Adwa, jeshi la Italia lilipovunjwa. Huko chakavu ya Ulaya ilibadilisha mambo ya dunia. Katika zama hizi mkondo umegeukia Marekani, na mwenye kuipata bunduki ya kale hutaka jambo moja tu kwake: ifanane na mpya ya dukani.

Watetezi wa msumeno wana hoja mbili, nazo zastahili kujibiwa kwa zamu.

Ya kwanza ni ya mali. Bunduki imenunuliwa kwa fedha halali, na mwenyewe ana hiari nayo. Hapana anayeikana haki hiyo. Mwenye hati ya kale ya Kiarabu aliyoirithi kwa babu yake ana haki vilevile ya kufungia karanga. Lakini akiisha kufungia karanga asijiite mtunza hati. Kinachopingwa hapa ni jina la mkusanyaji juu ya mtu asiyekusanya. Hata sheria ya Marekani, ambayo haina sifa ya kuwabana wenye bunduki, imeitambua tofauti hii: silaha iliyopita miaka 50 yaweza kuhesabiwa miongoni mwa vitu vya kale na vya kumbukumbu, na kupewa wepesi fulani kwa wakusanyaji wenye leseni, lakini kwa sharti la kuwa katika umbo lake la asili. Akataye kasiba na kubadili kitako huiondoa bunduki yake katika daraja hiyo kwa mkono wake mwenyewe.

Tena, hata kwa kipimo cha manufaa ambacho mtu wa msumeno hukipenda, kazi yake haina akili. Berthier hujazwa kwa juu: komeo huvutwa nyuma, kibanio na risasi zake husukumwa chini mpaka kishike, na risasi ya mwisho ikiisha kupanda chumbani kibanio hudondoka kwa tundu la chini. Darubini ikifungwa katikati juu ya komeo, kibanio hakina njia ya kupita. Bila ya kibanio kisanduku hakipandishi risasi kama ipasavyo, na silaha iliyojivunia risasi tatu au tano hugeuka kuwa ya risasi moja moja, kama ya babu wa babu yake. Ametoboa chuma cha zaidi ya miaka 100 ili apate bunduki iliyo duni kuliko ile aliyoinunua. Anayetaka kuwinda paa kwa darubini angeweza kununua bunduki mpya yenye risasi zinazopatikana katika kila duka, maana risasi ya Lebel yenyewe ni ya kutafutwa. Naye angerudi na nyama mapema zaidi.

Hoja ya pili ina nguvu kuliko ya kwanza. Husemwa: jeshi lenyewe lilizibadili bunduki hizi. Lilikuza kisanduku mwaka 1916, likapanua chumba kwa ajili ya risasi ya N, na mwaka 1934 likazifupisha baadhi na kuzitia kasiba mpya za milimita 7.5. Waturuki nao, katika mwaka 1948, walizikata Berthier ndefu wakazifanya fupi kwa ajili ya walinzi wa misitu yao, wakazigonga chapa ya idara hiyo. Ikiwa Mturuki alikata, Mmarekani ana kosa gani?

Kosa lake ni kwamba bunduki ya Mturuki ilikuwa bado kazini. Ilikatwa kwa amri, kwa kipimo kimoja, kwa sababu ijulikanayo, na ikagongwa chapa inayomwambia kila mwenye macho nani aliyekata na kwa nini. Ukataji ule haukufuta maandishi, uliongeza ukurasa; na aliye na Berthier ya misitu ya Uturuki ana hati ya nchi tatu: mti wa Ufaransa, vita vya Ulaya, na mlima wenye misonobari. Akataye leo katika chumba cha gari hagongi chapa, haandiki tarehe, wala hana haja iliyomsukuma ila kujifurahisha. Baada ya miaka 20 bunduki yake itauzwa kwa mtu mwingine, naye hataweza kusoma lolote humo: si mwaka wa mti, maana duara limesuguliwa; si mkono wa fundi, maana kiraka kimekwenda na kitako; wala si kazi ya mwenyewe, maana hakuitia sahihi.

Huenda mtu akasema kwamba kukata kwa ajili ya kujifurahisha nako kutakuwa historia siku moja. Ni kweli, tena kwa zile zilizokatwa miaka ya 1950 na 1960 kimekwisha kuwa historia: wakati huo silaha za vita ziliuzwa Marekani kwa fedha chache, hata kwa posta, mpaka sheria ya mwaka 1968 ilipoufunga mlango wa posta, na maelfu ya watu walizifanya bunduki za paa. Hizo na ziachwe zilivyo. Hapa ndipo linapozuka kundi jingine la waharibifu, wanaojiita warejezi. Huchukua bunduki iliyokatwa zamani, huitafutia mti kutoka kwa nyingine, pete kutoka kwa ya tatu, huunga kasiba kwa moto, hugonga namba upya ili zilingane, kisha huionyesha kama bikira. Mkataji hufuta maandishi; mrejezi hughushi. Katika chuo chochote anayefuta ukurasa wa hati hulaumiwa, na anayeandika ukurasa wa uongo na kuubandika hufukuzwa.

Liko pia kundi lisilogusa chuma wala mti, linalopamba kwa kuongeza tu. Hilo halistahili ukali ule ule, na sehemu ya kazi yake ni njema. Kibanio cha risasi ndicho pambo la kwanza la Berthier, tena si pambo, ni kiungo. Mwenye bunduki bila ya kibanio ana saa isiyo na ufunguo, na ni vizuri ajue kama yake ni ya kibanio cha tatu au cha tano, maana wengi hununua kile kisichoingia. Mkanda wa ngozi wa wakati ule, singe ndefu nyembamba yenye pande nne ambayo ilipewa jina la mwanamke, Rosalie, mifuko ya risasi ya kiunoni: hivyo vyote husaidia kufahamu mzigo wa mpiganaji. Kikombe cha Viven-Bessières, kilichofungwa mdomoni mwa kasiba tangu mwaka 1916, ni fundisho zima la ufundi: bombu lililokaa ndani yake lilikuwa na tundu katikati, risasi ya kawaida ikipita katika tundu hilo iliwasha utambi, na hewa iliyoifuata ikalirusha bombu lenyewe. Vitu hivi havitoboi chochote. Vyaweza kutolewa, na bunduki ikabaki kama ilivyokuwa.

Lakini kundi hili nalo lina ugonjwa wake, nao ni ugonjwa wa sanamu. Mkanda wa asili hukosekana, basi hununuliwa wa kuigiza, hulowekwa chai na kusuguliwa vumbi ili uonekane mkongwe. Mfuko mpya hugongwa mwaka 1915. Kisha bunduki, singe na mifuko huvikwa mfano wa mtu wa mbao aliyevaa koti la bluu, na mfano huo aghalabu huwa na uso wa Mfaransa. Bunduki ya 1907, iliyotolewa kwa ajili ya Waafrika, huwekwa mikononi mwa sanamu ya kijana wa Lyon, na chini huandikwa neno moja, "Colonial," kana kwamba ni rangi ya mti. Au huzuka kinyume chake, muuzaji hutamka kwamba hii ilibebwa na Msenegali kule Chemin des Dames mwaka 1917, wala hana waraka, hana daftari la bataliani, hana namba iliyolinganishwa na chochote. Maiti wa Chemin des Dames wameongezewa kazi ya kupandisha bei.

Ubishi huu usiwaendee wakusanyaji peke yao, maana wasomi hawajanawa mikono. Ni desturi ya chuo kuwatazama watu wa bunduki za kale kama watoto wenye vitu vya kuchezea, na kuudhani ujuzi wao wa chapa na skrubu kuwa ni upungufu wa akili. Mwanachuo aliyesoma kurasa 400 juu ya askari wa makoloni mara nyingi hajapata kushika chombo walichokishika, hajui kilikuwa na risasi tatu ambapo Mjerumani aliyemkabili alikuwa na tano, wala hajui maana ya tofauti hiyo kwa mtu anayekimbia uwanjani. Mkusanyaji anajua hayo yote na hajui jina la mji mmoja walikotoka. Kila mmoja ana nusu ya kitabu, na kila mmoja humcheka mwenzake kwa nusu aliyoikosa. Katika nafasi iliyo kati yao mengi hupotea. Kitako cha 1916 hupakwa mafuta ya kitani mwaka hata mwaka na mwenye kukipenda. Pensheni za askari wa makoloni waliokuwa hai ziligandishwa kwa sheria ya Desemba 1959, zikaachwa nyuma ya zile za wenzao Wafaransa kwa miongo mingi, mpaka karne ya 21 ilipoingia ndipo zikaanza kulinganishwa, wengi wao wakiwa wamekwisha kufa. Waliozitunza bunduki hawakusema neno juu ya hilo, na walioandika juu ya hilo hawakuzijali bunduki.

Kinachotakiwa si kikubwa. Mwenye Berthier kumi ukutani ana namba kumi, chapa za duara kumi, na miaka kumi ya kasiba. Ana pengine N saba, na tatu zisizo na N, ambazo zinauliza zilikuwa wapi wakati ndugu zao walipoitwa karakana. Na aziandike kabla hajazigusa, apige picha kila kiraka na kila kovu, na nakala aipeleke mahali panapotunzwa maandishi, penye madaftari ya rejimenti yanayoweza kulinganishwa nayo. Kazi hiyo haihitaji keekee, wala haimnyimi mtu furaha ya kuitia bunduki mkanda wake. Chuo nacho kiziombe orodha hizo kama kinavyoomba barua na shajara. Kwa sasa aghalabu anayeuliza namba ya bunduki ni mnunuzi, naye huuliza ili apate kujua bei.